Enya, Clannad, The Corrs, Celtic Woman au Altan: uanze na nani?

Mwaka juzi tulikuwa tunatoka Tanga kwenda Dar es Salaam, shemeji yangu kakaa kiti cha mbele. Tulipoipita Segera nikaweka Enya. Dakika mbili hazijatimia, akapunguza sauti akaniuliza: "Shemeji, mbona hamkuniambia kuna msiba?" Kabla sijajibu, mke wangu akadakia kutoka nyuma: "Kaka, hebu acha hapo hapo. Huo ndio unaonilaza mimi."

Wimbo mmoja, gari moja, kambi mbili. Ni hivyo hivyo kila muziki huu unapotajwa: mmoja anafumba macho, mwingine anatafuta kitufe cha kuzimia. Nimewahi kuwa kambi zote mbili, kwa hiyo nimeona niwapange wale watano wanaotajwa zaidi, niseme nani anamfaa nani.

Ninaouzungumzia ni muziki wa pop uliotiwa viungo vya Ayalandi: filimbi ya bati, fidla, kinubi, sauti ya kike iliyo laini, na mwangwi mwingi. Mashairi huzunguka mambo yale yale: bahari, ukungu, mwezi, anayeondoka na anayebaki ufukweni. Hata kama hujawahi kununua CD yake hata moja, unaujua. Ile filimbi inayofungua wimbo wa Céline Dion kwenye filamu ya Titanic, mwaka 1997, ni wa ukoo huu, ingawa mwimbaji ni wa Kanada na mtunzi wa muziki, James Horner, alikuwa Mmarekani. Na "You Raise Me Up", ambao binafsi nimeusikia harusini na mazikoni, wenyewe wa kwanza ni kundi la Secret Garden, mwaka 2002: tuni ni ya Rolf Løvland wa Norwei na maneno ni ya Brendan Graham wa Ayalandi. Westlife waliufikisha namba moja Uingereza mwaka 2005.

Ukidhani ugomvi huu ulianza na CD, umechelewa kama miaka mia mbili. Thomas Moore, mshairi wa Dublin, alianza mwaka 1808 kuchapa mfululizo wa nyimbo ambazo tuni zake zilikuwa za zamani za Kiayalandi, lakini maneno yalikuwa yake, kwa Kiingereza, ya kuimbwa kando ya piano sebuleni mwa wenye nacho. Zilipendwa mno. Mwaka 1825 mhakiki William Hazlitt akamchapa: Moore, alisema, amekichukua kinubi cha mwitu cha Ayalandi akakigeuza kikopo cha ugoro kinachopiga muziki. Sijasoma tusi tamu kuliko hilo, na wakosoaji wa leo hawajalipita. Halafu kuna "Danny Boy", wimbo unaowaliza watu wa asili ya Ayalandi dunia nzima: maneno yake, yaliyochapwa mwaka 1913, ni ya mwanasheria Mwingereza, Frederic Weatherly.

Sisi tuliokulia kwenye mabishano ya taarab asilia na rusha roho hatuna cha kushangaa hapo.

Wanaoupinga husema hivi: upo muziki halisi wa Ayalandi, na upo wa kuwauzia wageni; sikiliza ule, tupa huu. Nilikuwa nalisema hilo na mimi, mpaka nikakwama mahali panapoitwa Gweedore. Kwa wenyewe ni Gaoth Dobhair, eneo la pwani katika jimbo la Donegal, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani. Enya amezaliwa huko mwaka 1961. Clannad ni wa huko huko, tena ni ndugu zake wa damu. Na Mairéad Ní Mhaonaigh, sauti na fidla ya Altan, bendi ambayo hata wale wakali wa asilia wanaivulia kofia, naye ni wa huko huko. Upepo ni ule ule, lugha ni ile ile, nyimbo za bibi ni zile zile. Ikiwa eneo moja dogo limetoa mtamu kuliko wote na mkavu kuliko wote, basi asili haiwezi kuwa kipimo.

Kipimo changu ni swali jingine: huzuni ya wimbo imewekwa wapi?

Donegal, kama kwingineko Ayalandi, wana uimbaji unaoitwa sean-nós, maana yake "namna ya zamani". Mtu anaimba peke yake bila chombo. Hakunji uso, hapandishi sauti ili ulie. Wengine hufumba macho au hugeukia ukuta, na jirani akamshika mkono. Huzuni yote imo kwenye maneno na kwenye tuni, na mwimbaji anaipitisha tu kama mtu aliyebeba maji asiyetaka kuyamwaga. Waimbaji tunaowalinganisha hapa, karibu kila mmoja ameihamisha huzuni hiyo kutoka hapo kuipeleka mahali pengine, na mahali alipoipeleka, au alipoiacha, ndipo patakapoamua kama utampenda.

Clannad

Walianza mwaka 1970: Ciarán, Pól na Máire Brennan, ambaye baadaye alijiandika Moya, pamoja na wajomba zao mapacha, Noel na Pádraig Duggan. Baba yao, Leo, alikuwa na baa huko Meenaleck, na watoto walianzia kwenye jukwaa la mzee. Jina lenyewe lina maana ya familia ya kutoka Dobhar. Albamu zao za miaka ya sabini ni za gita, kinubi, besi na sauti zinazosukana. Hakuna machozi ya kulazimisha.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1982, walipotunga wimbo wa tamthilia ya televisheni kuhusu vita vya Ireland ya Kaskazini, "Theme from Harry's Game". Maneno yake machache yanatokana na methali za kale za Connacht, upande wa magharibi wa Ayalandi, kwa maana ya kwamba kila kilichopo na kilichokuwepo kitakoma. Kiitikio ni silabi tu zisizo na maana. Juu yake wakamwaga kinanda cha umeme na mwangwi kana kwamba wanaimba ndani ya pango. Ulifika namba tano Uingereza, wimbo wa Kiayalandi mtupu, wakati mabomu yakilipuka Belfast. Huzuni imegawanywa hapo: nusu iko kwenye methali, nusu kwenye mwangwi. Albamu yao ya 1985 inaitwa Macalla, neno ambalo maana yake ni "mwangwi", kwa hiyo hata wao walijua wanachouza.

Ukichukua Dúlamán ya 1976 na Magical Ring ya 1983, ukazisikiliza siku moja, utausikia muziki huu wote ukizaliwa. Sirius ya 1987, iliyokimbilia roki ya Kimarekani, unaweza kuiruka bila kupoteza kitu.

Enya

Alikuwa Clannad kwa miaka miwili hivi, kisha mwaka 1982 akaondoka pamoja na Nicky Ryan, fundi wa sauti na prodyuza wao, na mkewe Roma, anayeandika mashairi. Watatu hao ndio "Enya". Jina ni la mmoja, kazi ni ya watatu, na wamefanya hivyo kwa miongo.

Siri yao ni hii: hakuna kwaya. Ile kwaya unayoisikia ni mwanamke mmoja aliyerekodiwa, akarekodiwa tena, akarekodiwa tena, pengine mara mia na zaidi kwa wimbo mmoja, kila safu ikilazwa juu ya nyingine. Matokeo yake ni sauti isiyo na pumzi. Mwimbaji wa kawaida unamsikia akivuta hewa. Hapa safu moja inavuta hewa huku nyingine tisini zikiendelea. Mke wangu analala kwa sababu hiyo. Shemeji aliona msiba kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna mtu chumbani. Kuna chumba tu, kikubwa, kinachoimba.

Ndiyo maana hajawahi kufanya ziara ya matamasha yake mwenyewe, na bado ameuza albamu kwa makumi ya mamilioni. Anaishi kwenye kasri huko Killiney, karibu na Dublin, na haonekani ovyo. Wasiompenda wanasema msanii asiyethubutu kusimama mbele ya watu ana jambo analoficha. Mimi naona hilo ni kama kumlaumu mchoraji kwa kutochora hadharani.

Wimbo uliomtoa, "Orinoco Flow", ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tatu mwaka 1988. Wengi hudhani ni wimbo wa mto wa Amerika Kusini. Orinoco ni jina la studio ya London walikorekodia, na bosi wa kampuni ya muziki, Rob Dickins, ametajwa humo humo ndani ya mashairi. Zile nyuzi zinazodonoa mwanzoni ni kinanda cha Roland D-50, chombo ambacho wakati huo yeyote mwenye pesa angeweza kukinunua dukani. Wimbo wa mzaha kidogo, kwa kweli. Wanaomwita mtu wa majonzi matupu hawajausikiliza vizuri.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha mno ninapobishana na vijana wa hip hop. Mwaka 1996 Fugees walichota "Boadicea" ya Enya wakaijengea "Ready or Not"; hawakuomba ruhusa kwanza, wakaja kuelewana baadaye. Mwaka 2004 Mario Winans akapita njia ile ile na "I Don't Wanna Know". Kama ulikuwa unakwenda disko mwaka huo, umecheza Enya. Pole.

Huzuni yake iko wapi? Kwenye mwangwi, karibu yote. Maneno ya Roma mara nyingi ni mepesi kama karatasi. Wamewahi hata kubuni lugha yao, Kiloksia, iliyosikika kwenye albamu ya Amarantine mwaka 2005, na hukosi kitu kwa kutoielewa. Hapo wapinzani wana hoja, na siwezi kuwatetea dhidi yake: hisia isiyo na habari ndani yake inamfaa kila mtu, na kwa hiyo haimhusu mtu. Lakini angalia kilichotokea baada ya Septemba 11, 2001. Televisheni za Marekani zilicheza "Only Time" juu ya picha za majengo yaliyoanguka. Wimbo uliokuwa umeshatoka, usiosema lolote kuhusu moto wala vifo, ukabeba kilio cha nchi nzima, kwa sababu ulikuwa na nafasi tupu ndani yake. Chumba kile kikubwa kilipata watu.

Anza na Watermark ya 1988. Usisikilize albamu mbili mfululizo. Na tafadhali usitumie spika ya simu: safu za chini zinapotea, unabaki na filimbi ya mbu. Ni muziki wa hedifoni na usiku. Kwenye gari, kelele za lami zinakula nusu ya kazi yao, kosa nililolifanya pale Segera.

The Corrs

Hawa si wa Gweedore. Ni ndugu wanne wa Dundalk, upande wa mashariki karibu na mpaka wa kaskazini: Jim, Sharon wa fidla, Caroline wa ngoma, na Andrea anayeimba na kupuliza filimbi. Hawa ni pop kwanza. Huzuni yao si ya ukungu, ni ya mpenzi asiyepiga simu, nayo imekaa kwenye sauti ya Andrea ambayo hukatika katika mwisho wa mstari. Albamu ya kwanza ya 1995 waliisuka na David Foster, Mkanada aliyezoea kuwatengenezea nyota wa Marekani vibao, na unamsikia: kila kitu kimepigwa pasi.

Talk on Corners ya 1997 ilijikokota mwanzoni, kisha marudio ya "Dreams" ya Fleetwood Mac yakaivuta, na ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1998. Wakosoaji walisema ni sura nzuri tu na fidla ya mapambo. Sura ni kweli. Fidla si mapambo. Tafuta tamasha lao la vyombo visivyo vya umeme la 1999 usikilize Sharon na Caroline wanavyosukumana. Caroline akishika bodhrán, lile dufu la Kiayalandi, hakuna mapambo hapo.

Kama unataka kitu cha gari, cha kupikia, cha kuwekea wageni ambao hujui wanapenda nini, chukua hawa. Ila albamu yao ninayoirudia si hiyo ya mamilioni. Ni Home ya 2005, iliyotokana na kitabu cha nyimbo za mama yao aliyefariki mwaka 1999. Humo wameimba "Bríd Óg Ní Mháille", wimbo wa zamani wa mtu aliyeachwa na moyo uliopondeka. Altan nao waliurekodi kwenye Island Angel ya 1993. Kwa The Corrs unamsikia mtoto anayemkumbuka mama. Kwa Altan unamsikia aliyeachwa mwenyewe. Vyote viwili vinauma, mahali tofauti.

Celtic Woman

Hii si familia wala bendi ya baa. Ni onyesho. Lilizinduliwa kwenye ukumbi wa The Helix, Dublin, mwaka 2004, likiongozwa kimuziki na David Downes aliyetoka Riverdance, lile onyesho la ngoma za Kiayalandi, na mwaka uliofuata likarushwa na televisheni ya PBS huko Marekani, kwa watu ambao babu zao waliondoka Ayalandi na ambao wangependa kuikumbuka nchi wasiyoijua. Waimbaji hubadilika kama wachezaji wa timu. Magauni, okestra, taa za buluu.

Hapa huzuni imehamishiwa kwenye kupanda kwa sauti: beti la kwanza polepole, la pili vinaingia vyombo, la tatu kwaya, kisha ngazi moja juu ili usimame. Unajua machozi yatakuja sekunde ya ngapi. Wamo humo "You Raise Me Up", "Orinoco Flow" wa Enya, "Newgrange" wa Clannad, na hata "The Last Rose of Summer" wa Thomas Moore. Kikopo cha ugoro kimerudi mezani. Sikawii kuchoka nao. Lakini nimewahi kumwekea mama mkwe, mwanakwaya wa miaka arobaini, na alichosikia yeye ni sauti zilizofunzwa, nne zikiingiliana bila kukwaruzana. Hakukosea. Anayetoka kwenye kwaya aanze hapa, na amsikilize hasa Méav wa kundi la mwanzo.

Altan, kwa waliochoka na sukari

Mairéad Ní Mhaonaigh na mumewe Frankie Kennedy, mpiga filimbi wa Belfast, ndio walioianzisha. Frankie alifariki kwa saratani mwaka 1994 na bendi ikaendelea. Fidla ya Donegal ni ya haraka, kavu, upinde ukikatwa mfupi mfupi. Nusu ya wanachopiga ni muziki wa kucheza, kwa hiyo wimbo wa huzuni unapofika, unafika kati ya ngoma mbili, haukai sana, unaondoka. Huzuni wameiacha ilipokuwa: kwenye maneno na tuni. Kwa asiyejua Kiayalandi hilo ni gharama kweli, maana mwangwi hautakusaidia kuelewa kwamba unatakiwa kulia. Ila Altan hawadhuriwi na spika ya simu.

Jaribio la mwani

Kama hutaki maneno yangu, fanya jaribio hili. Upo wimbo wa Donegal unaoitwa "Dúlamán". Dúlamán ni aina ya mwani. Ndiyo, wimbo wa mwani. Watu wa Paje na Jambiani wachukue nafasi za mbele. Mzazi anamwambia binti yake kwamba wachumba wanakuja; kuna mwani wa hivi na mwani wa vile, kuna ahadi ya kwenda Newry kununua viatu vya bei. Ni utani wa posa wenye chumvi ya bahari.

Clannad wameuimba kwenye albamu yenye jina hilo hilo, Altan wameurekodi, na Celtic Woman wanao kwenye A New Journey ya 2007, tamasha walilolirekodi Slane Castle. Usikilize mara tatu mfululizo. Kwa Clannad ni vijana werevu waliousikia wimbo wa nyumbani wakaanza kuuchezea sauti zao. Kwa Celtic Woman ngoma kubwa zinaingia na wale wachumba wanakuwa jeshi. Kwa Altan ni jikoni, na kuna mtu anacheka nyuma ya mlango. Utakaourudia bila kufikiri ndio utakaokuonyesha wa kuanza naye.

Ukiurudia wa Clannad, una bahati, maana kutoka hapo unaweza kwenda kwa Enya au kwa Altan bila kushtuka. Ndio ninaompa mtu nisiyemjua. Ukiurudia wa Celtic Woman, nenda pia kwa Loreena McKennitt wa Kanada, hasa The Visit ya 1991, ambaye ana kinubi na ukubwa ule ule lakini anakusimulia kisa, kama shairi la Mwingereza Tennyson alilolitia tuni likaenda zaidi ya dakika kumi. Kama hakuna hata mmoja uliourudia, muziki huu si wako, na The Corrs watakutosha kwa safari.

Siku ile, tulipokaribia Msata, niliacha kubishana nikaweka Altan. Shemeji hakusema kitu. Tukakata kushoto kuelekea Bagamoyo, fidla ikiendelea, vidole vyake vikigonga dashibodi. Mke wangu nyuma akaamka, akauliza nani kazima wimbo wake.

"Lala wewe," shemeji akamjibu. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Shemeji, ule wa mwani, urudishe."